Umeme wa Kwenye Gari: Nani Hasa Anakula Betri Yako?

Wakati wa utafiti wangu wa shahada ya uzamili nililala kwenye Hiace ya kukodi karibu na Ziwa Eyasi, nikikusanya sampuli za maji. Tulikuwa tumeegesha sehemu moja kwa siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu nikazungusha ufunguo: tik, tik, tik. Kimya. Gari lenyewe ni otomatiki, kwa hiyo hata kusukuma hakusaidii. Dereva wa bodaboda alitufuatia betri kijijini, lakini hadi gari linawaka ilikuwa mchana, barafu imeyeyuka na sampuli zimepata joto. Ikabidi nianze upya.

Kila mtu alisema laptopu ndiyo imeua betri. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka nilipopiga hesabu.

Tupige hesabu pamoja

Umeme wa nyumbani unaununua kwa uniti. Uniti moja ni wati-saa 1000: kifaa cha wati 10 kikiwaka saa 100 kinamaliza uniti moja. Betri yetu ilikuwa ya volti 12 na ampia-saa 70. Zidisha: wati-saa 840, tena ikiwa mpya. Yaani gari zima halibebi hata uniti moja!

Sasa angalia matumizi ya zile siku mbili, kwa makadirio:

- Kuchaji laptopu mara mbili kupitia inveta: wati-saa 160
- Simu na taa: wati-saa 90
- Inveta yenyewe, iliyoachwa imewashwa usiku na mchana: wati-saa 384

Umeona? Inveta hula umeme hata kama hujachomeka kitu. Yetu ilikula kama wati 8. Ni kidogo, lakini zidisha kwa saa 48. Katika jumla ya wati-saa 634, zaidi ya nusu zililiwa na kifaa ambacho muda mwingi hakikuwa na kazi yoyote.

Makato ya kila hatua

Laptopu nyingi zina betri ya wati-saa 60 hivi. Kwa nini basi kuijaza kulitumia 80? Fikiria unamtumia mtu pesa kwa simu: unakatwa ukituma, naye anakatwa akitoa. Umeme nao hukatwa kila unapobadilishwa. Betri ya gari inatoa mkondo mnyoofu wa volti 12. Inveta inaupandisha kuwa mkondo geu wa volti 230. Halafu chaja ya laptopu inaurudisha kuwa mkondo mnyoofu wa volti 20 hivi! Inveta ikifikisha asilimia 85 na chaja asilimia 88, kinachofika ni asilimia 75 tu. Kilichobaki kimegeuka joto. Ndiyo maana vyote viwili vinapata moto.

Dawa yake ni kuruka hatua. Chaja ya gari ya USB-C yenye wati 65 inachukua volti 12 na kuzipandisha moja kwa moja, bila kupita kwenye 230. Ikiwa nzuri, inafikisha asilimia 90 hivi. Hakikisha tu laptopu yako inakubali kuchajiwa kwa USB-C.

Ufanye nini?

Kwanza, inveta iwashwe pale tu unapoihitaji, kisha izimwe kwenye swichi yake.

Pili, usile betri ya kuwashia gari. Imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Ukiifyonza hadi chini mara kwa mara, inakufa mapema. Weka betri ya pili, ikiwezekana ya lithiamu ya fosfati ya chuma, ambayo unaweza kutumia asilimia 80 ya ujazo wake bila wasiwasi. Fundi aitenganishe na ile ya kwanza kwa chaja maalumu, na aweke fyuzi karibu na betri.

Tatu, chaji wakati umeme upo. Gari likitembea, alteneta inazalisha. Jua likiwaka, paneli ya wati 100 juu ya paa inaweza kukupa wati-saa 300 hadi 400 kwa siku nzuri. Jaza laptopu saa sita mchana, usingoje usiku, maana umeme unaoingia betrini na kutoka tena nao unakatwa. Acha nafasi ya hewa chini ya paneli, kwa sababu ikipata joto inazalisha kidogo. Na angalia kivuli: hata tawi moja likiifunika sehemu tu linaweza kushusha uzalishaji sana.

Safari iliyofuata nilikwenda na chaja ya USB-C, paneli moja na betri ya pili. Laptopu, simu na taa vilitumia kama wati-saa 110 kwa siku. Gari liliwaka kila asubuhi, na sampuli zilifika maabara zikiwa baridi.

Kwa hiyo kabla hujanunua betri kubwa zaidi, gusa inveta yako usiku wa leo. Ikiwa ya moto na hujachomeka kitu, mlaji umeshampata.