Mafuta ya ngozi na lava wa kichocho

Mtu aliyekulia Musoma, au kwenye fukwe za Bunda upande wa Ghuba ya Speke, ni rahisi aamini kwamba ngozi yake imekwisha kuyazoea maji ya ziwa. Nyayo na viganja vyake kweli vimekomaa: tabaka la juu la ngozi, epidermisi, hufika huko unene wa karibu milimita 1.5. Lakini kwenye kifundo, paja na mgongo tabaka hilohilo huwa kama sehemu ya kumi tu ya milimita, na hapo ndipo maji humfikia anayefua, anayechota na anayevuta nyavu.

Hata hivyo, wembamba huo si udhaifu. Sehemu ya nje kabisa ya epidermisi ni seli zilizokwisha kufa, zimejaa protini ngumu iitwayo keratini na kugandamana kwa mafuta. Mafuta hayo huzuia maji ya mwili yasitoroke. Seli za juu hubanduka, mpya hupanda kutoka chini, na kwa muda wa kama mwezi mmoja tabaka lote huwa limebadilika. Mishipa ya damu haimo humo. Inaanzia chini yake, kwenye dermisi, pamoja na neva na tezi za jasho. Bakteria wengi huishia juu, maana hawana njia ya kupenya ngozi isiyo na jeraha.

Lava wa kichocho anayo. Hutoka kwa konokono wa maji baridi mchana, hasa jua likiwa kali, saa zilezile watoto wanapopenda kuoga. Urefu wake haufiki milimita moja, na ana mkia wenye panda. Akikaribia mtu huvutwa na joto la mwili na mafuta ya ngozi, yaani kile kile kinachotukinga ndicho kinachomwonyesha mlango. Hujibandika, humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha protini, huuacha mkia nje, kisha huzama. Kazi yote hiyo huchukua dakika chache. Wengine huwashwa au kutokwa na vipele. Wengi hawahisi chochote, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kama mtaalamu.

Ndani ya ngozi hukaa siku kadhaa akiitafuta mishipa ya dermisi. Damu humpeleka mapafuni, kisha kwenye ini, hadi akomae kuwa mnyoo na kutulia katika mishipa inayozunguka utumbo. Minyoo hao huweza kuishi miaka mingi. Mayai yao yanayonasa kwenye ini ndiyo yanayoliharibu, na yanayotoka na kinyesi yakifika majini huanzisha mzunguko upya.

Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemewa. Maji yaliyotekwa na kuachwa siku mbili bila konokono ni salama kuoga, kwa kuwa lava asiyepata mtu hufa.

Mgeni anayeshuka ziwani siku moja tu, tuseme kutoka kijiji cha Butiama, naye hana kinga. Akipima kinyesi wiki hiyohiyo hataonekana na kitu, kwani mayai huanza kutoka baada ya wiki tano au zaidi. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, nayo huua minyoo waliokomaa, ila wachanga huwaacha. Apime tena baada ya miezi miwili, na amweleze daktari kwamba aliingia ziwani.