Spika za Gari na Masikio ya Watoto

Wapo wenye magari wadhanio kwamba muziki mzuri ni muziki wenye kishindo. Huzipachika spika kubwa kwenye ubao ulio chini ya kioo cha nyuma, pasipo kukumbuka kwamba mbele ya ubao huo huketi watoto. Dereva aliye mbali nazo huongeza sauti ili apate maneno ya wimbo. Na mtoto, ambaye kichwa chake ki karibu nazo, ndiye abebaye mzigo wote.

Sauti nyembamba huenda moja kwa moja, na huzuiwa hata na goti. Kwa hiyo yafaa spika zake ndogo ziwekwe juu, kwenye nguzo za kioo cha mbele, na zile za sauti ya kati zikae katika milango ya mbele. Besi ni kinyume chake. Wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na sikio halitambui kwa urahisi litokako. Sanduku lake laweza kukaa kwenye buti, mradi lifungwe imara, lisije likarushwa mbele breki zikishika ghafla.

Zikipangwa hivyo, maneno husikika bila kupandisha sauti. Wataalamu wa afya huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikizidi 3, muda huo hupungua nusu. Chembe za usikivu zilizomo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Ndugu wazazi, tutazame kwanza mahali pa spika, kisha ukubwa wake.