MTOTO ANAHARISHA: CHUMVI ISIZIDI, ISIPUNGUE

Mtoto akiharisha, wazazi wengi siku hizi wanajua kumpa maji yenye chumvi na sukari. Ni jambo zuri. Lakini wako wanaotia chumvi kwa kukisia, wakidhani ikizidi ndiyo dawa kali. Sivyo hata kidogo. Chumvi nyingi inaweza kumwua mtoto.

Kwa nini? Tazama samaki aliyepakwa chumvi. Baada ya muda maji yanamtoka. Chumvi huvuta maji. Damu ikizidi chumvi, huvuta maji kutoka katika ubongo. Mtoto huona kiu kali, hulialia, kisha hulegea au hushikwa na degedege. Wengine watasema amerogwa, kumbe ni kijiko.

Na maji matupu je? Anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi. Ukimpa maji matupu tu kutwa nzima, chumvi ya damu hupungua. Hapo ubongo huingiwa na maji ukavimba. Mtoto husinzia, na degedege huja vile vile. Kwa macho huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Hospitali hupima damu. Kwa mwenye afya namba huwa kati ya 135 na 145.

Bora zaidi ni pakiti ya O.R.S. kutoka zahanati. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi katika pakiti hizo. Kusoma unajua, basi soma pakiti: nyingi ni za maji lita 1, nyingine nusu lita. Usikisie.

Kama pakiti hakuna, chukua maji safi lita 1, sukari vijiko 6 na chumvi nusu kijiko. Ni kijiko cha chai, tena kilichosawazishwa, siyo cha mlima. Onja kwanza. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga. Mpe kidogo kidogo, na kunyonya kuendelee. Yaliyobaki baada ya siku moja, mwaga.

Akishindwa kunywa, akilegea au akipata degedege, mpeleke hospitali upesi. Huko, chumvi iliyozidi hushushwa polepole, pengine siku mbili au zaidi, kwa sababu ikishuka ghafla ubongo huvimba. Ndugu wengine huona dripu inachelewa, wakafungua wenyewe ili ikimbie. Usiiguse. Mwite muuguzi.