Kwa nini shabiki wa Bandari hana kura

KILA Bandari FC inapoteleza ligini, mashabiki wake kuanzia Diani hadi Msambweni hubishana: kocha atimuliwe ama kikosi kifumuliwe?

Mjadala huo hauna kura. Gor Mahia na AFC Leopards huchaguliwa viongozi na wanachama, ilhali Bandari ni timu ya Halmashauri ya Bandari Nchini (KPA), na hatima yake huamuliwa Kipevu. Shabiki wa Ukunda avukaye feri ya Likoni kwenda Mbaraki hununua tikiti tu.

Ufadhili huo si wa kubezwa. Chini yake, Bandari ilimaliza ya pili 2018 na 2018/19, ikatwaa Ngao 2019. Lakini taji la ligi, lililotua Pwani 1965 kupitia Feisal ya Mombasa, lilikuwa halijarejea kufikia msimu wa 2024/25.