Tembe akizubaa bandani: Tazama dalili kabla ya kununua dawa

JIONI kuku wanaporejea bandani, mmoja anasalia nyuma. Amesimama pembeni mwa ua, manyoya yamemsimama, mabawa yameteremka na macho ameyafumba nusu. Mahindi yaliyomwagwa mbele yake hayamshughulishi. Ni tembe wa miezi minne au mitano, kuku jike aliyelelewa tangu kifaranga na ambaye baada ya majuma machache angeanza kutaga.

Kwa familia inayofuga kuku kumi au kumi na watano nyuma ya nyumba, kumpoteza tembe mmoja si hasara ndogo. Amekula kwa miezi kadhaa bila kulipa chochote, na mayai yake ndiyo yaliyotarajiwa kununua sukari, sabuni na madaftari. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi iko kwa wenzake. Hatua atakayochukua mwenye kuku usiku huo ndiyo itakayoamua iwapo atapoteza kuku mmoja au banda zima.

Aghalabu hatua hiyo huwa mojawapo ya tatu: kumchinja upesi kabla hajafa, kumkimbiza sokoni, au kununua dawa yoyote inayopatikana katika agroveti na kuitia ndani ya maji ya kuku wote. Zote tatu zina kasoro moja. Zinachukuliwa kabla ya kuuliza kuku huyo anaugua nini.

Mtenge kwanza

Kwa maumbile yake, ndege huficha ugonjwa. Anayeonekana dhaifu hudonolewa na wenzake, na mwewe naye humwona upesi. Kwa hivyo, kuku anapoonekana akizubaa, huenda amekuwa mgonjwa kwa siku kadhaa tayari.

Jambo la kwanza ni kumtenga usiku huo huo. Katoni kubwa au kapu lililotandikwa magazeti makuukuu linatosha, mradi liwe mahali pakavu pasipo upepo. Magazeti yana faida nyingine: asubuhi kinyesi huonekana wazi juu yake.

Joto la kawaida la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41 za selisiasi, na asiyekula hulipoteza haraka. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa kando yake humsaidia. Jiko la makaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu humuua ndege mapema kuliko binadamu. Maji safi yawe karibu na mdomo wake, na kwa siku ya kwanza yanaweza kutiwa glukosi kidogo.

Kuku wazima walishwe kwanza, mgonjwa awe wa mwisho. Vyombo vyake visichanganywe na vya wengine, na anayemhudumia anawe mikono na asafishe viatu kabla ya kurudi bandani.

Mkague toka undu hadi kucha

Kuku aliyetengwa akaguliwe pole pole kwenye mwanga mzuri. Undu, yaani ule upanga mwekundu wa kichwani, ukiwa umepauka huashiria upungufu wa damu, mara nyingi kwa sababu ya minyoo, wadudu wanaofyonza damu au kuhara damu. Ukiwa wa zambarau, kuku hapati hewa ya kutosha au damu yake haizunguki vyema. Vipele vyenye magaga kwenye undu na kuzunguka macho ni dalili ya ndui ya kuku, inayoenezwa sana na mbu.

Uso uliovimba pamoja na makamasi yenye harufu mbaya ni dalili ya mafua makali ya kuku. Chini ya mabawa na kuzunguka tundu la nyuma hutafutwa chawa na utitiri. Utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa za banda na kutoka usiku kufyonza damu, kwa hivyo banda nalo limulikwe kwa tochi usiku.

Kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo nacho hueleza mengi. Kwa kawaida hujaa jioni na kuwa kitupu alfajiri. Kikiwa bado kimejaa na kigumu asubuhi, huenda kimezibwa na nyasi ndefu au kamba. Mfupa wa kifua ukichomoza kama kisu, kuku amekonda kwa muda mrefu na ugonjwa haukuanza jana.

Kinyesi cha kuku mzima huwa cha kahawia au kijivu chenye weupe juu yake. Weupe huo ndio mkojo. Mara chache kwa siku hutoa pia kinyesi laini cha rangi ya chokoleti, jambo ambalo huwatia wengi hofu ilhali ni la kawaida. Kinyesi cha kijani huonekana katika maradhi kadhaa, na hata kwa kuku ambaye hajala tu, hivyo kisitumiwe peke yake kumhukumu.

Maradhi yanayofanana

Kinyesi chenye damu kwa kuku mchanga, pamoja na kuzubaa na mabawa kuning'inia, huelekeza kwenye koksidiosisi. Husababishwa na vijidudu vinavyoshambulia utumbo na hustawi kwenye maranda yaliyolowa. Ugonjwa huu una tiba. Dawa yenye amproliamu hutiwa katika maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na ni lazima maranda yote yaliyolowa yaondolewe. Bila hivyo kuku hupona leo na kuambukizwa tena kesho.

Kideri ni habari nyingine. Kuku huhema akiwa ameachama, huhara kijani, mabawa au miguu hupooza na shingo hujipinda. Katika banda lisilochanjwa unaweza kuwaua karibu kuku wote kwa siku chache. Husababishwa na virusi, na hakuna dawa ya kuutibu. Pilipili, majivu na shubiri ambazo wafugaji wengi hutia katika maji haziviui virusi hivyo. Viuavijasumu pia haviviui.

Tembe anayechechemea, kisha akalala mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma, huenda ana ugonjwa wa Marek, uliopewa jina la József Marek, daktari wa mifugo wa Hungary aliyeueleza mwaka 1907. Huu nao ni wa virusi na hauna tiba. Kinga yake ni chanjo inayotolewa kifaranga akiwa wa siku moja.

Kuna pia tembe asiye na ambukizo lolote ila yai lake la kwanza limekwama. Husimama wima, mkia ukipanda na kushuka, na hujikamua bila mafanikio. Huyu hukalishwa katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kisha huachwa mahali penye joto na giza. Siku ikipita bila yai kutoka, daktari wa mifugo aitwe.

Dawa si maji

Kumpa kila kuku mgonjwa viuavijasumu ni kupoteza fedha iwapo ugonjwa ni wa virusi au minyoo. Zaidi ya hayo, mabaki ya dawa huingia katika mayai na nyama, na bakteria wanaozoea dawa huwa tishio kwa mwenye kuku na watoto wake. Pakiti huonyesha siku ambazo mayai hayafai kuliwa wala kuuzwa, na siku hizo ziheshimiwe.

Kuku wawili au zaidi wakifa kwa mfululizo, kazi ya mfugaji kujikagulia imekwisha. Afisa wa mifugo aarifiwe, na ikiwezekana mzoga wa karibuni upelekwe ukapasuliwe, kwa kuwa dalili za nje za kideri, homa ya matumbo ya kuku na homa ya mafua ya ndege hukaribiana sana. Homa hiyo ya ndege si hadithi ya mbali. Januari 2017 ilithibitishwa nchini Uganda, kwenye maeneo ya Ziwa Victoria, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka nchi hiyo. Mizoga izikwe kwa kina au ichomwe. Wagonjwa wasiuzwe, kwani tenga moja la kuku sokoni huweza kupeleka kideri katika vijiji kadhaa kwa siku moja.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwa kideri anayengoja mawingu amechelewa. Chanjo hutolewa kwa kuku wazima pekee, na haimponyi aliyekwisha kuugua. Iko aina inayostahimili joto kiasi, inayotolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Aghalabu chupa moja hutosha kuku 100 au zaidi, idadi inayomvunja moyo mwenye kuku kumi. Suluhisho ni majirani kuchangiana bei na kuchanja siku moja. Hilo pia ndilo linalofaa zaidi, maadamu kuku wa kienyeji hawajui mipaka ya ua.

Tembe akipona, asirudishwe upesi. Akae peke yake majuma mawili zaidi, akila vyema na kinyesi kikiwa cha kawaida. Undu wake ukianza kuwa mwekundu na akichuchumaa anapoguswa mgongoni, hizo si dalili za ugonjwa tena. Yai la kwanza liko njiani.