Wanaoamka Akheri Ikilala

Saa mbili usiku kijiji cha Akheri, Arusha, kimeshajifungia. Kahawa na migomba imegeuka ukuta mweusi, pikipiki ya mwisho inapanda kutoka Tengeru ikikohoa, mbwa wanabweka mara mbili tatu, wanachoka. Nilikuwa mgeni. Kwenye saa tatu hivi, juu ya mparachichi ulioko nyuma ya jiko, mtoto akaanza kulia.

"Mama, kuna mtoto nje."

Mwenyeji wangu hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo wa maharage aliyokuwa akichambua. "Huyo komba, mwanangu. Kafuata parachichi. Wewe kula, chakula kinapoa."

Mwaka 1994 Singapore ilifungua bustani ya hekta 35, ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya wanyama wa usiku. Kabla ya hapo, tangu 1969, bustani ya Bronx kule New York ilikuwa na jengo la giza: mchana wanawasha taa hafifu, usiku wanawasha taa kali, mpaka wanyama wanadanganyika na kuishi saa za wageni wenye tiketi. Akheri haimdanganyi mtu. Unakaa barazani, unazima taa, unasubiri. Nikachukua daftari nikaanza kuandika nani anashikilia rekodi gani ya giza, na daftari likanitoa kwenye miteremko ya Meru likanifikisha Ngorongoro, Morogoro hadi Pemba. Simba, nilivyomsubiri, hakupata kikombe hata kimoja. Tena jirani yetu, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inasifika kwa kutokuwa na simba. Usiku wake ni wa chui na fisi.

Nianze na huyo aliyenishtua. Komba wako wa aina nyingi, na wa kwenye parachichi ni mkubwa wao, karibu sawa na paka. Bingwa ni mdogo wake wa nyikani, ambaye mzani wake haupiti sana robo kilo ya sukari. Huyo amepimwa akiruka wima meta 2.25, bila kukimbia kwanza, bila kushika kitu. Simama mlangoni kwako uangalie juu: kizingiti amekipita. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wakitafuta mnyama wa kumuiga ili watengeneze roboti inayoruka. Walilinganisha wanyama kwa urefu wa mruko pamoja na upesi wa kuurudia, na komba akawaacha wote. Katika sekunde nne anaweza kuruka mara tano na kupanda jumla ya meta 8.5. Siri iko kwenye kano za miguu. Anachuchumaa, anazivuta kama mpira wa manati, kisha anaziachia zote kwa pamoja, na nguvu inayotoka inazidi ile ambayo msuli peke yake ungeitoa.

Nilimwona kwa tochi, macho mawili kama makaa. Macho hayo hayazunguki kwenye matundu yake kama yetu, kwa hiyo kichwa ndicho kinachozunguka, karibu kifike mgongoni. Kabla ya kuhama tawi alijikojolea viganja, akasugua nyayo, akaondoka. Wataalamu wanabishana kama ni ili ashike vizuri au ili aache harufu yake njiani. Pwani wanamsimulia kwa ulevi, kwamba hupanda mnazi akanywa tembo la mgema mpaka akaanguka. Sina ubishi na watu wa pwani.

Na kama unataka komba mdogo kuliko wote, nenda kusini, kwenye mabaki ya misitu ya pwani. Komba wa Rondo, aliyepewa jina la nyanda za juu za Rondo kule Lindi, ana gramu 60 hivi. Ukimpata kiganjani utadhani ni kifaranga. Misitu yake ni vipande vipande, na vinazidi kupungua.

Kombe la kelele halina mshindani. Saa saba usiku, upande wa juu uliko msitu, kitu kilianza kukwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta, kikapanda ngazi kwa ngazi hadi kikawa ukelele wa mtu anayekabwa koo. Huyo ni perere, pimbi wa mitini, mwili wake mkubwa kama sungura tu. Ukoo wake ndio unaonichekesha: jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni tembo na nguva. Hata mimba yao inafanana na ya wakubwa. Pimbi hubeba miezi saba na nusu hivi, wakati mbuzi, anayemzidi uzito mara kadhaa, anamaliza kwa mitano.

Kombe la pua nilikuwa nimempa muhanga kabla sijafikiria vizuri. Ndani ya pua yake mna vifupa vyembamba vya kunasia harufu kati ya tisa na kumi na moja, idadi isiyofikiwa na mamalia mwingine. Mbwa ana vinne au vitano. Kwa pua hiyo anatafuta mchwa, kwa kucha anauvunja udongo mgumu ambao wewe ungeuchukulia sururu, na kwa usiku mmoja anaweza kula wadudu hadi 50,000. Tena hana ndugu. Katika oda yake nzima ya kisayansi amebaki peke yake. Mashimo anayoyaacha yanakuwa nyumba za ngiri, nungunungu na wengine wengi ambao hawajui hata kusema asante.

Fisi nampa kombe la aliyesingiziwa zaidi. Mholanzi Hans Kruuk aliwafuata usiku kwa usiku Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, na kitabu chake cha 1972 kikageuza hadithi: kule kreta fisi ndiye aliyekuwa akiwinda, na mara nyingi simba ndiye aliyefika baadaye kumfukuza mezani. Watalii wanafika asubuhi, wanamkuta simba juu ya nyama na fisi wamezunguka, wanapiga picha, wanaondoka na uongo.

Kamandegere, yule anayeruka kama kangaruu mdogo mbele ya taa za gari, ana rekodi ya urembo: utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba manyoya yake yakimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno huwaka rangi ya waridi na machungwa. Kwa nini? Wenyewe walioandika hawakuwa na jibu la uhakika. Nungunungu ndiye mkubwa wa jamii ya panya barani Afrika, na hapana, harushi miiba. Inachomoka tu akikurudia kinyumenyume.

Kikombe kimoja nisingependa kukitoa. Kakakuona ndiye anayetajwa kuwa mamalia wa porini anayeongoza duniani kwa kusafirishwa kimagendo. Anapotokea kijijini watu hujaa, humwekea maji, nafaka na silaha, wakitazama ataelekea wapi, kama ni mvua, njaa au vita. Yeye hujikunja tu kama mpira. Mbele ya chui magamba yale yanamtosha, lakini binadamu humwokota kama nazi. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kabisa katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016. Aprili 2019, Singapore hiyo hiyo yenye bustani ya usiku, maofisa walikamata bandarini zaidi ya tani 25 za magamba yake katika makontena mawili, ndani ya wiki moja.

Sasa nirudi kwenye pua, maana muhanga nimemnyang'anya kikombe. Aliyekichukua yuko hata kwenye mashimo ya mashambani hapa: panya buku. Jina lenyewe linachekesha, maana buku mtaani ni shilingi elfu moja. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya hawa tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini. Kifaa cha kutafuta chuma kinapiga kelele kwa kila msumari na kizibo cha soda. Panya anajali harufu ya baruti peke yake. Akiipata anakwaruza, anapewa ndizi, wanaendelea. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, ambapo mtu mwenye kifaa angetumia hadi siku nne. Kwa kuwa ni mnyama wa usiku, kazi huanza alfajiri na kufungwa mapema, na masikio hupakwa mafuta ya kukinga jua. Nimejaribu kumsimulia hilo bibi yangu, akaniambia niache masihara.

Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu 71 na vilipuzi vingine 38. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimvisha medali ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Rekodi yake haikudumu: panya mwingine kutoka Tanzania, Ronin, alifikisha mabomu 109 na vilipuzi 15 kati ya Agosti 2021 na Februari 2025, akaingia kwenye kitabu cha Guinness.

Pemba nitapita mbio. Popo wa Pemba, mbawa zake zikikunjuliwa, hukaribia meta 1.6, na hayupo popote pengine duniani. Hula matunda. Hahusiki na hofu ya mwaka 1995 ya Popobawa, jini lililodaiwa kuvamia watu usiku.

Wa mwisho nilimwona Meserani, kwenye bustani ya nyoka iliyofunguliwa 1993 kando ya barabara iendayo Dodoma, kama kilomita 25 kutoka Arusha mjini. Nilisimama mbele ya kioo karibu dakika tatu nikiamini sanduku ni tupu, kumbe majani makavu yaliyokuwa mbele yangu yalikuwa yakipumua. Kifutu, mnene kama mkono wa bondia, mfupi, hana haraka. Jike lenye asili ya Kenya lililofugwa kwenye bustani ya wanyama huko Cheki liliwahi kuzaa watoto 156 kwa uzao mmoja, na hakuna nyoka anayejulikana kuzidi hapo. Na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walionyesha kwamba mbwa waliofunzwa walishindwa kumnusa. Gamba alilojivua walilitambua. Mwenyewe akitulia mawindoni, walimpita.

Mbwa hamnusi, wewe humwoni, na yeye hakimbii. Usiku hujilaza njiani kusubiri panya. Kwa hiyo ukilala Akheri, hata kama choo ni hatua kumi tu kutoka mlangoni, vaa viatu na uwashe tochi.