Maneno ya Mwenyewe Yasipotee Njiani

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kuandika kwa kompyuta makala za gazeti letu hili. Mdogo wangu mmoja wa kidato cha pili alileta insha juu ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Katikati ya insha alinakili ubeti mmoja kutoka Diwani ya Muyaka, kitabu kilichohaririwa na W. Hichens na kutolewa mwaka 1940. Katika daftari lake ubeti ule aliuandika mbali na pambizo, mstari chini ya mstari, na chini yake akataja mshairi na kitabu.

Gazeti lilipotoka, ubeti haukuonekana. Maneno ya Muyaka yalikuwa yameungana na maneno ya kijana, mistari minne imekuwa sentensi moja ndefu, na jina la mshairi limening'inia katikati ya aya bila maana. Mwalimu wa Kiswahili alimsimamisha mbele ya darasa akamwuliza, "Maneno haya ni yako?" Akajibu, "Siyo yangu, Mwalimu. Mimi niliyatenga." Lakini gazeti lilikuwa mkononi mwa Mwalimu, nalo lilisema vingine. Habari ile iliponifikia bwenini usiku, sikupata usingizi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Nitaeleza lilivyotokea, ili wengine wasilirudie.

Makala zetu huandikwa kwanza kwa maandishi matupu, yaani herufi, tarakimu, alama na nafasi tu, bila herufi nzito wala za mlalo. Faida yake ni kwamba maandishi hayo hufunguka katika kompyuta yo yote, ya zamani au mpya. Kisha programu huyageuza yawe ukurasa wa kuchapwa au ukurasa wa intaneti. Basi programu hiyo haina macho kama yetu. Haioni kuwa maneno fulani yamekaa kama shairi. Husoma alama na kuzitii.

Mimi niliusogeza ubeti kwa nafasi tatu, na kwenye kioo cha kompyuta ukapendeza. Lakini programu huzitupa nafasi hizo za mwanzo wa mstari. Tena mistari inayofuatana, isiyo na mstari mtupu kati yake, huihesabu kuwa aya moja. Ndiyo sababu Muyaka akamezwa.

Kanuni tunazotumia huitwa Markdown, nazo zilitolewa na John Gruber wa Marekani mwaka 2004. Kwa kanuni hizo, maneno ya kunukuliwa hutangulizwa na ile alama tuijuayo katika hesabu, "kubwa kuliko". Alama hiyo ilikuwa ikitumika zamani katika barua pepe kuonyesha maneno ya barua inayojibiwa. Huandikwa hivi:

> Mstari wa kwanza wa mshairi
> Mstari wa pili wa mshairi

Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, acha mstari mtupu kabla ya dondoo na baada yake. Ukisahau ule wa baada, sentensi yako inayofuata itavutwa ndani ya dondoo, na utakuwa umemtia Muyaka kinywani maneno asiyoyasema. Kosa hili ni kubwa sawa na lile la kwanza.

La pili, kama ni shairi, weka nafasi mbili mwisho wa kila mstari. Bila nafasi hizo, maneno yatatengwa kweli, lakini mistari itaungana, na ubeti utasomeka kama habari ya kawaida.

La tatu ni chanzo. Markdown haina alama ya pekee ya chanzo, kwa hiyo hapana budi tukiandike wenyewe kwa maneno kamili: nani, kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Tukiandike wapi? Katika HTML, lugha ya kurasa za intaneti, dondoo huwekwa ndani ya alama iitwayo blockquote, na kanuni yake ni kwamba jina la mwenye maneno likae nje ya alama hiyo. Maana yake ni nyepesi: ndani ya dondoo yakae maneno ya mwenyewe tu, na kumtaja yeye ni kazi yetu sisi tunaomnukuu. Nasi sasa tunafuata desturi hiyo. Chanzo hukaa mstari wake peke yake, chini ya dondoo, baada ya mstari mtupu.

Mwisho, baada ya kugeuza, soma ukurasa uliotoka huku daftari la mwandishi liko mkononi. Mimi nilitazama kioo changu tu, nikaridhika.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa Mwalimu na lile daftari. Alilitazama kwa muda, kisha akamwita kijana na kumwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Insha yake imechapwa upya katika toleo hili, ubeti umekaa mahali pake na jina la Muyaka chini yake. Nami namwomba radhi hapa, mahali ambapo kosa langu lilisomwa na watu wote.